Usiuze Ugumu

Tanga, 14 Juni 2025

Mpwa wangu mpendwa,

Mama yako alinipigia juzi akasema hulali, simu yako inaita mpaka saa sita za usiku nawe unapokea. Kisha nikausoma ujumbe wako mara mbili. Programu yako ya vikoba, vile vikundi vya kuweka na kukopa, unaitoa bure na msimbo wake uko wazi kwa yeyote, na sasa rafiki zako wanakushauri uiache ilivyo, ngumu kuiweka kwenye kompyuta, ili watu wakulipe uende ukawawekee. Wanasema hela ya programu huria iko kwenye msaada, na msaada hauuziki ikiwa kila mtu anajiweza.

Nusu ya kwanza ya maneno yao ni kweli. Nusu ya pili niliwahi kuifuata mwenyewe, ndiyo maana nimekaa kukuandikia barua badala ya kukujibu kwa simu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa naihudumia ofisi ya chama kimoja cha akiba na mikopo. Niliwawekea mfumo huria wa Linux na programu huria ya hesabu kwa kuwa hawakuwa na hela ya leseni. Kila mwisho wa mwezi ilibidi hesabu zifungwe, na kufunga kwenyewe kulikuwa kuandika mistari mitatu ya amri kwenye ile skrini nyeusi. Mhasibu wao, mama mtu mzima aliyejifunzia kazi kwenye leja za karatasi, alikuwa akinipigia mwezi ukiisha. Napanda daladala, nafika, naandika mistari yangu mitatu, napewa shilingi 30,000 na soda. Dakika tano, kazi imekwisha.

Mwezi mmoja nilifika nikakuta kalenda ya ukutani imegeuzwa. Nyuma yake mama yule alikuwa amenakili kwa penseli mistari yote mitatu, herufi kwa herufi, kwa kunichungulia tu begani miezi iliyotangulia. Asubuhi ile alikuwa ameshajaribu mwenyewe na mashine ikakataa. Nikasoma alichoandika. Kila kitu kilikuwa sawa, isipokuwa neno “ripoti” alilianza kwa herufi kubwa, kama tulivyofundishwa sote kuanza sentensi. Nikabadilisha herufi hiyo moja, ikakubali. Akanihesabia pesa mezani, noti tatu, akaniomba radhi kwa kunisumbua.

Njia nzima ya kurudi ile radhi ndiyo iliyonikaa moyoni. Yeye hakuwa na kosa. Mimi nilijua tangu mwezi wa kwanza kwamba mistari ile inaweza kuwekwa nyuma ya kitufe kimoja, na sikukiweka kwa sababu kitufe kile kingeninyima hela ya kila mwezi. Usiku huohuo nilikitengeneza. Kilikuwa na maneno mawili: Funga mwezi.

Sitakudanganya, mpwa wangu. Ile 30,000 ilikatika, na nyumbani upungufu ulionekana. Lakini ofisi ile haikuniacha. Kompyuta yao ilipokufa waliniita kuhamisha hesabu za miaka minne kwenye mashine mpya. Walipoajiri karani walinilipa siku mbili za kumfundisha. Kila robo mwaka nilikwenda kuhakikisha kwamba nakala za akiba zinafunguka kweli, maana nakala isiyowahi kujaribiwa si nakala. Kazi hizo hakuna kitufe cha kuzifanya, na anayezilipia halipii ukaidi wangu.

Lugha yetu imeliona jambo hili zamani. Nyanya zikishuka bei sokoni tunasema ni rahisi, na mtihani usiosumbua tunasema ni rahisi. Neno ni hilohilo. Sasa programu isiyo na bei, lakini inayomlazimu mweka hazina wa kikoba kumtafuta fundi kila mara, urahisi wake uko wapi? Hata “bure” nayo ina maana mbili, bila malipo na bila manufaa, na mtu anaweza kuanzia ya kwanza akaishia ya pili. Ila tunalo “huria”, neno ambalo halitaji bei kabisa. Richard Stallman, aliyetangaza mradi wa programu huria wa GNU mwaka 1983, amekuwa akieleza miaka yote kwamba anazungumzia uhuru wala si bei, kwa sababu Kiingereza kina neno moja, “free”, kwa vyote viwili. Yeye mwenyewe aliuza mikanda yenye programu yake ya Emacs kwa dola 150 mkanda mmoja. Kwa hiyo usione haya kutaka malipo. Swali ni unalipwa kwa lipi.

Najua rafiki zako watakutajia Red Hat, kampuni inayouza huduma za Linux. Ni mfano mzuri: mwaka 2012 mapato yake ya mwaka yalivuka dola bilioni 1, na mwaka 2019 IBM iliinunua kwa dola bilioni 34. Lakini waulize, benki inayoilipa Red Hat inalipia nini? Benki ina wahandisi wake wanaoijua Linux. Inalipa ili toleo moja litunzwe kwa miaka 10, matundu ya usalama yazibwe mapema, na mambo yakiharibika usiku awepo mtu mwenye wajibu wa kupokea simu. Inanunua dhamana. Dhamana haipungui thamani kwa programu kuwa nyepesi kutumia, na nadhani huongezeka.

Ninaoupenda zaidi ni mfano wa Blender, ile programu ya kuchora na kutengeneza filamu za katuni. Kampuni iliyokuwa ikiimiliki ilianguka mwaka 2002, na muasisi wake, Ton Roosendaal wa Uholanzi, akawaomba watumiaji wachange euro 100,000 ili msimbo uwekwe huru. Zilipatikana ndani ya wiki saba. Pamoja na mapenzi yote hayo, Blender ilibaki na sifa ya ugumu kwa miaka mingi. Kitu kidogo tu: katika programu karibu zote unachagua kitu kwa kubofya kitufe cha kushoto cha kipanya, lakini Blender ilitaka cha kulia. Fikiria mgeni anafungua programu, anabofya kushoto, hakichaguliki kitu. Anabofya tena. Anaifunga, hairudii. Wazoefu walikuwa na sababu zao nzuri za kitufe cha kulia, na walizitetea kweli.

Toleo la 2.80 la Julai 2019 lilibadilisha mengi, na kitufe cha kushoto kikawa ndicho cha kuchagulia. Mwezi huohuo kampuni ya Epic Games ikatangaza kuwapa watengenezaji wa Blender dola milioni 1.2. Miaka michache baadaye filamu ya Flow kutoka Latvia, iliyotengenezwa kwa Blender, ikachukua Oscar ya katuni mwezi Machi 2025. Sisemi kitufe kimoja kilileta Oscar. Nasema walikubali kumsikiliza anayeanza, na hawakufilisika kwa hilo.

Hapa kwetu urahisi una sura nyingine, nayo ni lugha. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na ya majedwali yenye menyu za Kiswahili. Hilo liliwezekana kwa sababu msimbo ulikuwa huria; hakukuwa na haja ya kusubiri kampuni ya mbali ituone kuwa soko. Wewe nawe programu yako ina vitufe vya Kiswahili, nakupongeza, lakini juzi niliijaribu nikakosea tarehe kwa makusudi, ukaja ujumbe wa kosa wa Kiingereza wenye mistari sita. Mtu akikosea ndipo anapohitaji lugha yake kuliko wakati wowote. Anza na hapo.

Sasa nije kwenye usingizi wako, maana hilo ndilo lililomliza mama yako.

Kuna programu ndogo iitwayo xz, ya kubana mafaili, imo karibu katika kila Linux duniani. Kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja, Lasse Collin, bila malipo. Mwaka 2022 watu wakaanza kumsukuma hadharani: mbona matoleo yanachelewa, mbona hujibu? Akawajibu kwamba hali yake si nzuri na kwamba kazi ile haina malipo. Alikuwepo msaidizi mvumilivu aliyejiita Jia Tan, akafanya kazi nzuri kwa muda wa kutosha, akaaminiwa, akapewa mamlaka. Mapema mwaka 2024 msaidizi huyo akapenyeza mlango wa siri wa kuingilia kwenye kompyuta za watu. Uligunduliwa mwezi Machi na mhandisi mmoja, Andres Freund, kwa sababu kuingia kwenye mashine yake kulichelewa kama nusu sekunde naye hakukubali kupita bila kujua kwa nini. Wanaotumia xz ni pamoja na makampuni yenye mabilioni. Mzigo wote ulikuwa mabegani mwa mtu mmoja aliyechoka.

Nimekuandikia habari hiyo kwa sababu msaada wa bure si wa bure kwa anayeutoa. Msaada huo hulipiwa kwa usiku wako na afya yako, na mtu aliyechoka hukabidhi funguo kwa yeyote anayejitolea kuzishika. Simu ya saa tano usiku usiipokee. Andika mahali panapoonekana kwamba maswali unajibu jioni mbili kwa wiki. Waunganishe makatibu wa vikoba katika kundi moja la WhatsApp wajibiane wenyewe, utashangaa wanavyojua. Anayetaka uende ofisini kwake umfundishe karani, au umhamishie madaftari ya miaka yote, mtajie bei bila kigugumizi. Nauli yako na siku yako vina thamani, na mwenye kikoba anajua thamani ya siku kuliko wengi.

Ila kwa yale maswali ya bure usiwe na choyo. Swali ni taarifa ya mahali programu inapomuumiza mtu, na anayekupigia kuuliza amekufanyia kazi ambayo makampuni huwalipa watu kuifanya. Weka daftari la kawaida kando ya simu. Kila swali liandike kwa maneno yake mwenyewe aliyeuliza, usiligeuze kuwa lugha ya kifundi. Likijirudia mara tatu, acha kulijibu kwa mdomo, ukalijibu ndani ya programu. Naamini kwa njia hiyo simu zitapungua, na watakaobaki kukupigia watakuwa na kazi halisi ya kukupa.

Kwa hiyo jibu langu kwa rafiki zako ni hapana. Hiyo hatua ya kuiweka programu kwenye kompyuta, ambayo umesema ina kurasa nne za maelekezo, ishughulikie mwezi huu. Mweka hazina wa kikoba cha shangazi yako hapa mtaani ana kompyuta ya zamani na hajawahi kuweka programu yoyote. Amekubali kujaribu, na mimi nitakaa kando yake bila kugusa kitu. Nitumie toleo jipya likiwa tayari.

Wasalaam,
Mjomba wako