Sahani ya Jirani

Katika mambo ya nyumbani ambayo watu wa Unguja wa zama zangu tuliyarithi bila ya kufundishwa kwa kitabu wala kwa fimbo, hapana lililokuwa dogo kwa sura na kubwa kwa taathira kuliko desturi ya kupelekeana sahani. Nami, niliyezaliwa Ng'ambo katika nyumba ya udongo na makuti, nikakulia katika majumba marefu ya Michenzani, na sasa naukabili uzee wangu kati ya jiko la gesi na friji, nimeiona desturi hiyo ikibadilika mara kadhaa mbele ya macho yangu, na kila mara chanzo cha mabadiliko hakikuwa moyo wa watu, kama wapendavyo kudai wale wenye kuzilaumu zama, bali kilikuwa ama makazi au chombo chenyewe.

Ada ilikuwa hivi. Aliyepika kitu chenye harufu ya kuvuka ukuta, au kitu kisichopikwa kila siku, alilazimika kwa muruwa kumkumbuka jirani aliyeinusa harufu hiyo. Wazee wetu waliiegemeza ada hii juu ya wasia wa Mtume kwa sahaba wake Abu Dharr, kwamba apikapo mchuzi azidishe maji yake na awaangalie majirani zake. Na mwezi wa Ramadhani, ambapo kila nyumba hupika na kila nyumba hunusa, wasia huo ulikuwa ukitekelezwa kila alasiri. Sahani ilifunikwa kawa, ikatiwa mikononi mwa mtoto, na mtoto akaonywa asikimbie, asifunue, wala asisahau salamu. Mjumbe wa nyumba yetu nilikuwa mimi.

"Hodi! Shikamoo, bibi. Bibi anakusalimu, na kasema upokee hiki, japo si kitu."

"Marahaba, mwanangu. Mwambie bibiyo ahsante, Mungu amzidishie. Chombo chake kitakuja."

Na chombo kilikuja, kesho au keshokutwa, kimeoshwa na ndani yake mna kitu: kaimati chache, kipande cha mkate wa ufuta, ndizi za kuiva, au, hali ikiwa ya dhiki, ndimu mbili na pilipili mbichi, kwani chombo cha jirani hakirudi kitupu, na ahsante ya mdomo ilihesabiwa kuwa arubuni tu, deni lenyewe likilipwa kwa sahani.

Futari ya bibi yangu aghlabu ilikuwa ndizi mbichi au muhogo wa nazi, na siku ya neema pweza. Baada ya adhuhuri aliketi juu ya mbuzi akakuna nazi, kisha akaikamua kwa kifumbu. Tui la kwanza, lile zito, akaliweka kando, la pili akalipikia, hata ndizi zilipokaribia kuiva ndipo alipolimimina lile zito na kulikoroga taratibu lisije likakatika. Siku ya wali alipalia makaa juu ya mkungu ili ukauke sawasawa juu na chini. Haya yote yalifanyika uani, juu ya mafiga matatu, kwa kuni za mikarafuu na za mikoko, na moshi wake ndio uliomharibia macho kabla ya wakati wake; nisidhaniwe basi kuwa nausifu moshi. Lakini alipoepua chungu, kabla ya kutupakulia sisi watu wa nyumbani, aliyapanga mabakuli ya majirani kwa tartibu isiyobadilika: la kwanza la mjane wa upande wa kibla, la pili la mwalimu wa chuoni, la tatu la nyumba yoyote iliyokuwa na mgonjwa, ndipo zikafuata nyumba nyingine kwa kadiri ya chungu.

Mabakuli hayo yalikuwa ya kauri machache, yaliyotunzwa, na ya bati mengi, meupe yenye ukingo wa buluu, yaliyobanduka rangi hapa na pale kwa kuanguka. Mapenzi ya watu wa pwani kwa bakuli zuri si ya jana, maana wahenga wetu walizipachika bakuli za Kichina hata katika makaburi ya nguzo, kama yale ya Kunduchi na ya Mambrui, na katika majumba ya mawe vikawekwa vidaka ukutani vya kuzionyesha. Sisi wa Ng'ambo hatukuwa na vidaka. Tulikuwa na kichanja uani, na kila bakuli lilikuwa na alama ya rangi chini ya kitako chake, nukta au msalaba au herufi ya kwanza ya jina la mwenyewe, ili hata likizunguka nyumba sita lijulikane kwao ni wapi. Kwa alama hizo mtaa mzima ulisomeka: ukiingia nyumba ya mtu ukalikuta bakuli lenye nukta nyekundu, ulijua nani kamkumbuka nani.

Lakini ada yenye uzuri huu ilikuwa pia na makali yake, na wale wanaoisimulia leo kama kwamba ilikuwa asali tupu ama wamesahau au hawakupata kuwa maskini. Mtu asiyekuwa na cha kurudishia alikaa na bakuli la mwenziwe kwa siku nyingi, akalificha uvunguni, akapita njia ya nyuma asikutane na mwenye nalo, na kila sahani mpya iliyomjia ikawa kwake si neema bali mtihani. Mjane wa upande wa kibla alikuwa hivyo. Nakumbuka Ramadhani moja mabakuli yetu matatu yalikuwa kwake kwa pamoja, nami kwa ujinga wa utoto nikasema mbele ya watu kwamba yule bibi hana ada. Bibi yangu hakunijibu hapo, ila alasiri ile ile aliniita faragha akaniambia: "Nenda kwa bibiyo wa kibla, umwambie kwamba bibi kaishiwa na majani ya mchaichai, anamwomba, na kama hapana tabu ayatie katika mabakuli yetu." Mchaichai ulikuwa umeota uani kwetu hata ukaziba njia ya msalani. Nikenda, nikaomba, yule bibi akatoka mbio na uso wa furaha, akakata mchaichai wake, akayajaza mabakuli yote matatu hadi yakafurika, na tangu siku hiyo hakupita tena njia ya nyuma. Nimesoma mengi juu ya ihsani katika umri wangu, na waadhi nimewasikia wengi, lakini hila ile ya mchaichai sijapata kuiona imepitwa: kumwomba mtu kitu usichokihitaji, ili apate kusimama sawa nawe.

Kisha likaja badiliko la kwanza, nalo lilikuwa la makazi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali ilidhamiria kuijenga upya Ng'ambo, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 majumba ya Michenzani yakaanza kunyanyuka, mengine yakiwa na urefu wa takriban mita 300, na nyumba za udongo zilizokuwa katika njia yake zikabomolewa, ya kwetu ikiwa miongoni mwao. Tulipewa fleti ya ghorofa ya juu, yenye umeme na choo cha ndani, na furaha yetu ilikuwa ya kweli. Ila jikoni hapakuwa na mahali pa mafiga. Tukahamia makaa, na seredani ikakaa rosheni. Sahani nayo, iliyozoea kukata uwanja na kubisha mlango ulio wazi, ikalazimika kushuka ngazi na kupanda ngazi nyingine, na majirani waliokuwa wa pande nne wakawa wa pande mbili, wa mlango wa kulia na wa mlango wa kushoto. Mjane wa kibla alipewa fleti katika jumba jingine kabisa. Bibi aliendelea kumpelekea, nami nikaendelea kupanda, hata mchuzi ukifika umepoa.

Miaka hiyo ilikuwa pia ya shida ya chakula, kwani mchele wa kutoka nchi za nje ulipunguzwa, ukawa wa kugawiwa kwa kipimo, na watu wakajifunza kupanga foleni kabla ya alfajiri kwa ajili ya mchele, sukari na unga. Mtu angedhani kwamba katika dhiki hiyo sahani ingekatika. Haikukatika, ilipungua kimo tu, ikawa kisahani cha chai chenye vipande viwili vya muhogo, na ikirudi na chembe za chumvi zilizofungwa katika karatasi. Sijui kama nitaeleweka na vijana nikisema kwamba chumvi ile ilikuwa na heshima kamili.

Kilichoikata sahani ni neema. Katikati ya miaka ya 1980 milango ya biashara ilifunguliwa, na maduka ya Darajani, ambayo kwa miaka yalikuwa na rafu tupu, yakajaa bidhaa za Dubai: seti za kauri zenye ukingo wa dhahabu, glasi za maua, na hotipoti za kila rangi. Hotipoti ndiyo iliyoutia wazimu mji. Bibi harusi asiyekuwa na seti yake ya hotipoti, kubwa, ya kati na ndogo, alionekana kaolewa nusu; wanawake walicheza upatu miezi mingi kwa ajili yake; nami mwenyewe nilipoolewa niliingia nyumba ya mume wangu nimetanguliwa na kabati la vioo lililosheheni vyombo ambavyo, kwa uaminifu kabisa, sikuvitumia ila kuvifuta vumbi siku ya Ijumaa. Chombo kilikuwa pambo sasa, na pambo haliazimwi. Nani angeitoa hotipoti yake ya maua izunguke mtaani na kurudi bila kifuniko? Badala yake tukaanza kupelekeana katika vikopo vilivyokwisha kazi, vya siagi na vya aiskrimu, ambavyo mpelekaji hana haja ya kurudishiwa, na akavipeleka kwa maneno ambayo bibi yangu angeyaona ni matusi: "Usihangaike na chombo, kitupe tu."

Tazama jinsi ukarimu ulivyoingia na kuitoa shukrani nje. Aliyesema "kitupe tu" alikusudia wema, kumwepushia mwenziwe udhia wa kuosha na kurudisha. Lakini alipomwondolea udhia alimwondolea na njia. Kopo halina alama chini ya kitako. Halimdai mtu. Halimleti mtoto mlangoni keshokutwa. Baadaye likaja kasha la foili, linalonunuliwa kwa dazeni, likamaliza kazi ambayo kopo liliianza, na mtoto naye akapumzishwa, kwa kuwa kijana wa bodaboda hufika haraka zaidi na hana salamu za kusahau.

Friza nayo isisahauliwe katika hesabu hii. Zamani kilichozidi kilikwenda kwa jirani kwa sababu hakilali. Friza ilipokuja, kikapata pa kulala. Sisemi haya kwa dhana, maana tulipata kuyaona kinyume chake. Umeme wa Unguja huja kutoka Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, na waya huo ulipoharibika, kwanza mwezi wa Mei 2008 kwa muda wa karibu mwezi mzima, kisha tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, friza zote za mji zikawa makabati. Siku ya pili ya giza lile la kwanza nyama ilianza kutembea. Walikuja kubisha watu wa ghorofa ya chini ambao kwa miaka tulikuwa tukiamkiana ngazini tu. Sambusa zilizokusanywa kwa ajili ya arusi ya mtu zikaliwa na jumba zima kabla ya arusi. Na mimi nikalifungua kabati la vioo, nikazitoa zile sahani za ukingo wa dhahabu, kwa kuwa makopo yalikuwa yamekwisha, nikazipeleka milango nisiyoijua. Zilirudi zote ila moja, na hakuna iliyorudi tupu. Waya ulipotengenezwa watu wakashangilia barabarani, nami nikashangilia, na baada ya wiki chache kila nyama ikarudi mahali pake pa kulala.

Hivi sasa shukrani husafiri kwa simu. Sahani hupigwa picha kabla ya kuliwa, picha hurushwa, na mpishi hupata mikono miwili ya manjano iliyokutanishwa; si mbaya, walakini haishibishi. Mtoto wa kaka yangu, anayeishi Uingereza, alinipigia Ramadhani moja akiwa na hasira ya kweli. Alikuwa amempelekea jirani yake, bibi mmoja wa Kiingereza, sahani ya kaimati, sahani ya kauri, kama alivyofundishwa na marehemu bibi yake.

"Shangazi, kanirudishia sahani tupu! Kaiosha mpaka inang'aa, na juu yake kaweka kikaratasi cha kusema ahsante."

"Kakiandika kwa mkono wake?"

"Kwa mkono wake, na kachora ua."

"Basi hicho ndicho kitu chake, mwanangu. Kwao ndivyo kilivyo. Mpelekee tena."

Akapeleka tena, safari hii sambusa. Na kwa kuwa hakutaka kumtaabisha bibi wa watu kwa kuosha na kuchora maua, alizitia katika kasha la foili akamwambia alitupe. Nilimgombeza kwa simu hata vocha ikaniishia.