Motokari Yetu Imegeuka Rangi

Wengi mumeuliza kama tumepata utajiri. Hapana! Motokari ya likelemba ilikuwa nyeupe, sasa ni kahawia, basi.

Kutu ndiyo ilitusukuma. Matope ya njia ya Kabambare yalikuwa yanakula milango, na bati likitoboka, mchele wetu unalowa. Kupuliziwa rangi kwa mashini kungemeza feza ya masomo ya watoto. Tukachagua brashi.

Kazi kubwa si kupaka, ni kukwangua. Hiyo tuliifanya wenyewe, siku tatu, kwa msasa na maji ili vumbi la rangi ya zamani lisituingie kifuani. Watoto tuliwaweka mbali. Penye kutu tulisugua mpaka chuma king'ae, tukakausha, na siku ileile tukapaka rangi ya kuzuia kutu. Halafu rangi ya mafuta, nyembamba, mara mbili, asubuhi kabla vumbi halijaamka. Alama za brashi zinaonekana, tusidanganyane. Lakini kahawia inaficha udongo mwekundu wa kwetu.

Imebaki karte roze: bado inasema nyeupe. Mama mweka hazina anaipeleka Jumatatu, kabla motokari haijarudi njiani.