Mbwa Kali, Nyumba Yauzwa

Ukitembea asubuhi katika mtaa wa Milimani mjini Kisumu, utakutana na malango yaliyoandikwa kwa rangi nyekundu: "Mbwa Kali". Walimu wa Kiswahili wamelalamika miaka nenda miaka rudi kwamba ilipasa kuwa "Mbwa Mkali", lakini wapi! Kibao kimeishinda sarufi. Mara mojamoja utaona lango lililoongezewa kibao cha pili, kipya, chenye nambari ya simu: "Nyumba Inauzwa". Hapo ndipo kichekesho huanza. Kibao kimoja kinamwonya mpita njia akae mbali, na kingine kinamsihi aingie akague hata vyumba vya kulala.

Mwenye nyumba akishapigilia kibao hicho cha pili huwa na mengi kichwani. Kuna bei, kuna dalali, kuna wakili, kuna hati miliki iliyofungiwa kabatini. Mbwa aliyelala chini ya mwembe na paka aliye juu ya ukuta hawamo kwenye hesabu hiyo. Aghalabu hukumbukwa siku ya lori, vitanda vikiwa vimekwisha kupakiwa na watoto wakiuliza, "Na Simba je?" Siku hiyo jibu zuri huwa haba.

Msomaji, suala hili si dogo kama linavyoonekana. Nyumba ikiuzwa, samani huhama na watu huhama. Mnyama asiyepangiwa pa kwenda ndiye hubaki, na akibaki huwa mzigo wa mtaa mzima.

MJI WA NYUA PANA

Kuelewa jinsi mifugo ya nyumbani ilivyopata makao mazuri Kisumu, ni vyema kuutazama mji wenyewe. Reli kutoka Mombasa ilifika ukingoni mwa Ziwa Victoria mnamo Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence. Mji ulikua kuizunguka stesheni na bandari, na kule Milimani zikajengwa nyumba katika viwanja vipana vyenye miti mikubwa na nyasi za kutosha mbwa kukimbia hadi achoke.

Nyumba nyingi za aina hiyo zimebadilisha wenyewe, na baadhi zimebomolewa ili ghorofa za kupangisha zisimame mahali pake. Familia inayouza huenda ikahamia Mamboleo, ikapanda Riat palipo na upepo na mandhari ya ziwa, ikaingia ghorofani, au ikarudi dala, yaani nyumbani kwa wazee mashambani. Kila njia kati ya hizo ina masharti yake kwa mbwa na paka.

Milimani pia ina majirani wasio wa kawaida. Chini kidogo, kando ya ziwa, ipo Hifadhi ya Swala Pala ya Kisumu iliyotangazwa rasmi mwaka 1992. Tumbili wa upande huo hawajui mpaka wa ploti. Mlango wa jiko ukiachwa wazi, ndizi hazina mwenyewe. Usiku, viboko hutoka majini kula nyasi za ukingoni. Kwa hivyo mbwa wa huku si pambo. Ni mlinzi wa lango na wa jiko pia. Ajabu ni kwamba muuzaji anayemhamisha mbwa mapema ili nyumba ionekane tulivu, huenda akamkaribisha tumbili sebuleni siku ile ile mnunuzi anapokuja.

MNUNUZI ANAPOBISHA HODI

Basi afanyeje? Kwanza, mnunuzi asije kwa ghafla. Mwambie dalali, kinaga ubaga, kwamba nyumba ina mbwa na kwamba hakuna kubisha hodi bila miadi ya siku moja kabla. Mgeni akija, mmoja wa familia amtoe mbwa kwa kamba, watembee pamoja mpaka ukaguzi uishe. Kumfunga mnyororo nyuma ya nyumba ni dawa ya nusu. Mbwa aliyefungwa huku akiona wageni wanapita huwa na hasira zaidi, na mnunuzi hatasikia sifa za bomba la maji kwa sababu ya kelele.

Pili, chagua saa. Kisumu ina joto, na mawingu ya ziwani mara nyingi humwaga mvua alasiri au jioni. Mbwa aliyeloa hunuka, na nyayo zake za matope hupiga muhuri sakafu nzima. Panga ukaguzi uwe asubuhi.

Tatu, harufu. Pua ya mwenyeji imezoea, kwa hiyo usiiamini. Mwombe jirani mkweli aingie akwambie anachonusa. Mkojo wa paka uoshwe kwa sabuni na maji, kisha siki iliyozimuliwa. Epuka dawa za kusafishia zenye amonia, kwani harufu yake hufanana na ya mkojo na paka huweza kurudi papo hapo kujisaidia tena.

Nne, viroboto. Hapa wengi hunaswa. Kiroboto akiwa katika kifuko chake hukaa kimya katika zulia au nyufa za sakafu kwa majuma, pengine miezi, akingoja dalili ya uhai. Nyumba ikihamwa huonekana safi. Siku mwenyeji mpya anapoingia, mtikisiko wa hatua na joto la miili huwaamsha wote kwa mpigo, na simu ya malalamiko huanza. Watibu wanyama kwanza, kisha ondoa mazulia, fagia nyufa zote na upige dawa, na urudie baada ya majuma mawili hivi. Wanyama na watoto wasirudi ndani hadi dawa ikauke.

KADI NDOGO, UZITO MKUBWA

Kuna karatasi moja ambayo haimo kati ya zile za wakili, lakini inastahili kuwekwa pamoja nazo. Nayo ni kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa.

Mwaka 2014 Kenya ilizindua mpango wa kutokomeza vifo vya watu kutokana na ugonjwa huu ifikapo 2030, na Kisumu ikawa miongoni mwa kaunti za kwanza kuteuliwa kuuanza, pamoja na Siaya, Machakos, Kitui na Makueni. Hesabu yake ni rahisi. Angalau mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa kila mwaka, ugonjwa hukosa pa kupita. Wakipungua, hupata mwanya. Kila mbwa anayetelekezwa na familia iliyouza nyumba huwa mbwa wa mitaani ambaye mwaka unaofuata hakuna atakayempeleka kuchanjwa. Yule aliyekuwa kinga ya mtaa amegeuka kuwa ufa.

Mbwa huchanjwa kuanzia umri wa miezi mitatu, kisha kila mwaka kama daktari wa mifugo atakavyoelekeza. Paka naye achanjwe, maana huweza kuambukizwa na kuambukiza. Ikitokea mgeni aliyekuja kutazama nyumba ameumwa, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha akimbizwe hospitalini siku hiyo hiyo hata kama kadi ya mbwa ipo. Dalili za ugonjwa huu zikishamtokea mtu, karibu kila mara mwisho wake ni kifo. Hili si la kuahirisha.

"ATAISHI KWA SAMAKI"

Tukiteremka kutoka Milimani kuelekea kusini tunafika Dunga, ufuo wa wavuvi penye mafunjo, mitumbwi na omena walioanikwa juani. Ni mahali pazuri pa kupunga upepo Jumapili. Kwa bahati mbaya, mahali kama hapa humtia mtu wazo baya akilini: paka aachwe ufuoni, ataishi kwa samaki.

Wazo hilo lina kasoro. Omena walioanikwa ni mali ya mtu, tena mara nyingi ni riziki ya mama aliyewanunua kwa mkopo alfajiri. Paka mgeni hatakaribishwa kwa kijiko bali kwa jiwe. Paka wenyeji nao wana mipaka yao na hawagawi. Paka aliyezoea kuitwa kwa jina saa ya chakula hawezi kugeuka mwindaji kwa usiku mmoja.

Wengine hudhani karibu na hifadhi ndiko mahali pa kumwachia mbwa, kwa kuwa kuna wanyama wenzake. La hasha! Mwaka 1994, kule Serengeti, ugonjwa uitwao distempa, ambao ni wa mbwa, uliwaingia simba na kuua takriban thuluthi moja yao. Mbwa wasiochanjwa wa vijiji vya jirani ndio waliotajwa kuwa chanzo. Anayemtupa mbwa karibu na mahali wanapotunzwa wanyamapori hamrudishi porini. Huenda anapeleka maradhi.

Tena sheria ipo. Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inahesabu kuwa ni kosa mwenye mnyama kumtelekeza bila sababu ya haki katika hali itakayomletea mateso. Kuuza nyumba si sababu ya haki.

JOGOO, MOTO NA SHOKA

Ajabu ni kwamba wenyeji wa ufuo huu walikuwa na utaratibu wa kuhama uliompa mnyama nafasi yake tangu mwanzo. Kwa desturi ya Waluo, mwanamume anapotoka kwa babake kwenda kuanzisha boma lake, hatoki ovyo. Kijana wake wa kwanza hubeba shoka, mkewe hubeba moto, na jogoo huchukuliwa pamoja nao. Jogoo huyo hawi kitoweo cha safari. Ni alama ya kwamba boma jipya lina mwenyewe na kwamba kutapambazuka huko kama kulivyopambazuka kule.

Si lazima mtu wa mjini afuate desturi hiyo neno kwa neno. Lakini mpango wake una busara: mnyama alihesabiwa kabla ya hatua ya kwanza. Hakukumbukwa lori likinguruma.

SIKU TISINI ZATOSHA

Nchini Kenya, mauzo ya nyumba kwa kawaida huanza na malipo ya awali ya asilimia 10, na mkataba hukamilishwa katika siku 90 au karibu na hapo. Zitumie siku hizo.

Katika mwezi wa kwanza, amua kila mnyama atakwenda wapi. Ukihamia ghorofani, soma mkataba wa upangaji kabla ya kutia sahihi, kwani wenye nyumba wengi hawataki mbwa. Ukirudi dala, kumbuka kwamba mbwa wa Milimani huenda hajawahi kuona mbuzi. Huko ua ni wa mimea, kuku wa jirani hupita, na mbwa atakayekamata kuku watatu wiki ya kwanza atakuletea kesi kwa wazee. Mpeleke mara mbili tatu akiwa kwenye kamba azoee.

Katika mwezi wa pili, kama hawezi kuhama nanyi, mtafutie mwenyeji mpya. Mnunuzi mwenyewe huenda akamtaka mlinzi anayeijua nyumba. Akikubali, makubaliano yaandikwe na kadi ya chanjo ikabidhiwe pamoja na funguo. Akikataa, tafuta jamaa au jirani, umtembelee uone anapolala mnyama. Usimpe mtu asiyetaja atamlisha nini.

Katika mwezi wa tatu, mzoeshe paka kulala ndani ya kikapu chenye kifuniko atakachosafiria. Siku ya kuhama, wasafirishe alfajiri au jioni, wala usimwache mnyama hata dakika chache ndani ya gari lililofungwa kwenye jua la Kisumu. Mkifika, paka akae ndani majuma mawili hadi matatu. Akitolewa mapema atafunga safari kurudi nyumba ya zamani, na barabara ya kutoka Mamboleo hadi Milimani si ya paka kuvuka.

Wahenga walinena kwamba mbwa hafi maji akiona ufuko. Mnyama wa nyumbani hupiga mbizi kwa imani kwamba watu wake wapo ng'ambo wakimngoja. Watoto nao hutazama. Bei ya nyumba wataisahau, na hata rangi ya ukuta wa chumba chao itawatoka akilini. Hawatasahau kama baba na mama, katika haraka yote ile ya wakili na lori, walimtafutia Simba nafasi.