Kupiga Picha Katika Nchi ya Sitara

Katika darasa letu la jioni hapa Moroni, ambamo twawafundisha Kiswahili vijana wanaojiandaa kwenda kusoma Dar es Salaam na Unguja, mwanafunzi mmoja alituuliza kwa nini Waswahili husema "kupiga picha". Picha imekosa nini hata ipigwe? Darasa zima likaangua kicheko. Tulimjibu kama walimu wajibuvyo: kwamba kitenzi hiki kina kazi nyingi, kwamba Mswahili hupiga simu, hupiga pasi, hupiga hodi na hupiga magoti, na katika yote hayo hapana aumiaye. Jibu lilikuwa sahihi, naye akaliandika daftarini. Lakini tuliporejea nyumbani usiku ule tulijiona tumemdanganya kidogo, maana katika miaka zaidi ya 20 ya kushika kamera, watu walioumia tumewaona.

Ndugu wasomaji watuwie radhi kwa kuingiza habari za kamera katika jarida la lugha. Kazi yetu ni chaki. Picha ni mapenzi tu, kama wengine wapendavyo bao au kuvua kwa mshipi, na mapenzi hayo yalituanza Unguja mwaka 2002, tulipokuwa tukisomea stashahada ya ualimu. Tulinunua kwa mtu kamera kuukuu ya Zenit, ya Kirusi, nzito kama nusu tofali. Mkanda mmoja ulikuwa wa picha 36, na gharama ya kuununua na kuusafisha ilikuwa sawa na chakula cha mwanafunzi cha siku kadhaa. Kwa sababu hiyo tulijifunza kutazama kwanza na kubonyeza baadaye, nidhamu ambayo vijana wetu wa leo, wenye kamera ndani ya simu, hawakupata nafasi ya kujifunza.

Siku za mapumziko tulikuwa tukipita Barabara ya Kenyatta, Mji Mkongwe, tukisimama mbele ya Capital Art Studio, duka lililoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, kutazama picha za zamani. Wengi wa watu wale waliingia studio kwa miguu yao wenyewe, wamevaa walichotaka kuonekana nacho. Siku nyingine tuliona kadi za posta za mwanzo wa karne ya 20, zilizouzwa kwa wageni wa melini. Humo mna wanawake wa pwani wamesimamishwa mbele ya pazia, na chini yao pameandikwa kabila tu. Jina la mtu halipo. Wakati ule tulizitazama zote kwa jicho moja, tukisifu mwanga. Tofauti yake hatukuiona.

Somo la kwanza tulipewa sokoni Darajani, na bibi mmoja muuza ndimu. Tulimpiga picha akiwa ametupa mgongo, leso yake ikimeremeta juani. Aligeuka, akatutazama bila hasira.

"Mwanangu, umeniomba?"

Tulijitetea kwamba uso wake haumo, ni mgongo tu.

"Na mgongo si wangu?"

Hatukuwa na jibu. Hata hivyo, tulihesabu kwamba tumeponyoka, tukaenda zetu.

Tulirudi kwetu Ngazija mwaka 2004. Kwa wasomaji wa bara, yafaa tueleze kidogo mambo ya visiwa vyetu. Mwanamume wa Kingazija aliyekwisha fanya arusi kubwa, ndiyo anda, huitwa mdru mdzima. Mwalimu wa Kiswahili hahitaji tafsiri: ni mtu mzima. Asiyeifanya, hata awe na mvi, bado ni mwana wa mji, na hukaa nyuma ya wenziwe. Watu wazima hao hukutana bangweni, uwanja wa mji, na siku za shughuli huvaa majoho yaliyotariziwa na vilemba. Mbele ya kamera hawana tatizo lolote. Hujipanga wenyewe kwa daraja zao, na ole wako ukimkata mmoja ukingoni mwa picha.

Basi bangwe ni la wanaume, lakini nyumba ni ya mwanamke. Hili wageni wengi hawalijui. Nyumba hujengwa kwa ajili ya binti, naye mume huhamia humo. Na kuna ardhi, tuiitayo manyahuli, inayorithiwa kwa upande wa mama. Kwa hiyo mpiga picha anayefikiri kwamba amepata ruhusa kwa kuwa mwenye kilemba amemkubalia barazani, amebisha hodi pasipo mlango.

Watu hudhani kwamba shida ya kamera katika nchi ya Kiislamu kama yetu ni hukumu ya dini juu ya taswira. Mjadala huo upo, na lugha yetu imeuhifadhi: katika kamusi za zamani za Kiswahili, "sanamu" ilikuwa ni picha pia, na harufu ya masanamu ya kuabudiwa haikuwa mbali. Mwalimu wetu wa chuoni, aliyetufundisha Kurani tukiwa wadogo, ndiye aliyetusimulia habari za Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa mufti wa Misri tangu 1914 hadi 1920. Sheikh huyo aliandika risala ya kuihalalisha picha ya kamera, hoja yake ikiwa kwamba mpiga picha haumbi kitu, bali hufunga kivuli tu. Tulifurahi sana kuisikia hoja hiyo. Mzee akatutazama juu ya miwani yake. "Haya, umekifunga kivuli cha mwenzio," akasema. "Ufunguo utakaa kwa nani?"

Tulidhani ni mzaha wa kizee.

Mwezi Agosti 2005 kulikuwa na anda katika ukoo wetu. Aliyekuwa akiolewa ni binti wa mama yetu mdogo. Jamaa walikuwa wamerudi likizo kutoka Ufaransa kama ilivyo ada ya miezi hiyo, na mji ulijaa ngoma na pilau. Asubuhi ya siku moja ya shughuli tulipita kwa bibi yetu, ambaye sisi Wangazija twamwita koko. Mwaka mzima alikuwa akitukatalia picha, akisema kwamba uso wake Mungu anaujua na hao wengine wana haja gani nao. Siku ile tulimkuta mlangoni pake, amejipaka msinzano usoni, amekaa juu ya mkeka. Aliiona kamera shingoni mwetu, akajivuta leso vizuri. "Haya, leo nimevaa," akasema. Tulimpiga picha 3.

Kutoka hapo tulikwenda kwa mama mdogo. Bibi arusi alituita kutoka ndani. Alitaka picha moja akiwa amevikwa dhahabu yake yote, kabla hajafunikwa na kutolewa mbele ya wanawake. Sisi ni kaka yake, na mama mdogo, mwenye nyumba, aliridhia. Ilikuwa picha nzuri. Kichwa chake kilikuwa wazi, nywele zimesukwa, na mwanga wa dirisha ulimwangukia upande mmoja wa uso. Tukisema kwamba hatujapata kupiga picha nzuri kuliko ile, hatujisifu, maana leo hapana awezaye kuiona.

Mkanda tuliupeleka kusafishwa dukani mjini. Tuliagiza nakala mbili za kila picha, tukalipia mbili, tukapokea mbili. Ya tatu ilitoka kwa nani, hatukupata kujua. Baada ya siku kumi tulisikia kwamba picha ya bibi arusi, kichwa wazi na dhahabu kifuani, inapita mikononi mwa vijana kwenye uwanja wa mpira. Kabla ya jua kuchwa upande wa bwana arusi ulikuwa umekwisha sikia.

Hatutaki kuyarefusha yaliyofuata. Maneno makali yalisemwa baina ya nyumba mbili ambazo zilikuwa zimetumia miaka kuitayarisha arusi ile. Mama mdogo, ambaye kosa lake lilikuwa kutuamini, alikaa miezi miwili bila kuhudhuria shughuli yoyote ya wanawake. Mjomba wetu, ndugu wa mama na mama mdogo, ambaye kwa mila zetu ndiye mwenye kauli juu ya watoto wa dada zake, alituita mbele ya wazee. Hakupiga kelele. Aliuliza kama duka lilipewa mkanda kwa idhini ya nani. Tulisema, kwa idhini yetu. Akaagiza tulete kila kitu: nakala zote, na mkanda wenyewe mzima, pasipo kukatwa hata kipande.

Tulileta. Katika mkanda ule mlikuwa na picha 3 za koko.

Tungeweza kusema. Mjomba ni mwana wa koko, na angetusikiliza. Lakini mtu aliyesimama kwa aibu mbele ya wazee hafungui mdomo kuomba fadhila, nasi tulijiambia kwamba koko yuko hai na tutampiga tena. Tulipomwendea baadaye alikataa. Habari za uwanja wa mpira zilikuwa zimemfikia, na hatukuwa na uso wa kumshikilia. Alifariki mwaka 2007.

Mwishoni mwa mwaka ule ule wa arusi tuliona jambo jingine. Mlima wetu, Karthala, wenye urefu wa mita 2361, ulilipuka mara mbili katika mwaka 2005, mwezi Aprili na mwezi Novemba, na majivu yakaangukia vijiji. Ngazija haina mito ya kudumu. Watu hukinga maji ya mvua katika mabirika ya saruji, na majivu yaliyachafua. Tulidhani kwamba hatutaitwa tena nyumbani kwa mtu. Kumbe wanawake wenyewe walituita, "Fundi, njoo na kamera!", wakatupitisha uani hadi kwenye birika. Walitaka maji yale meusi yaonekane, wayaone watu wa misaada na wayaone jamaa walioko Ufaransa. Mmoja wao, ambaye miezi mitatu kabla alitugeuzia uso njiani, alichota maji kwa kopo akalinyosha mbele ya lenzi, huku amejifunika uso kwa leso, mkono tu ukibaki nje. "Piga," akasema, "na uipeleke mbali."

Hapo ndipo tulipoanza kuwaelewa bibi wa Darajani na mwalimu wa chuoni kwa pamoja. Wenzetu hawaichukii picha. Kila nyumba ya Kingazija ina bahasha yake ya picha, na hutolewa kwa mgeni aliyestahiki, moja moja. Wanachouliza ni picha itafika wapi na itatazamwa na nani, na swali hilo lina jibu tofauti kwa birika la majivu na kwa nywele za bibi arusi. Sitara haina maana ya kutoonekana kabisa. Ni mtu kuchagua wa kumwona. Sisi tulikuwa tukiomba ruhusa ya kubonyeza, basi, tukidhani kwamba hapo mambo yamekwisha.

Tangu siku hizo tuna taratibu zetu, ambazo baadhi ya marafiki huziona za kuchosha. Twauliza mwenye nyumba ni nani. Twasema picha itakwenda wapi. Wakati wa mikanda tulikuwa tukimkabidhi mwenyewe mkanda wake, na siku hizi twafuta mbele ya macho yake akitaka tufute. Vijana wa darasa letu hutucheka. Kwao picha huruka kutoka simu hadi simu kabla chai haijapoa. Lakini twasikia kwamba hata Mombasa ziko arusi ambazo simu za wanawake hukusanywa mlangoni kabla ya bibi arusi kutolewa, kwa hiyo huenda hatuko nyuma sana kama wanavyodhani.

Mwaka 2019 dada yetu, yule bibi arusi wa 2005, alitupigia simu kutoka Marseille, anakoishi na mumewe. Ndoa ilisimama, alhamdulillahi. Binti yake alikuwa na miaka 12 na alitaka kumwona mama yake siku ya arusi. Picha zilizobaki zote ni za wanaume wenye majoho. "Kaka," akauliza, "ile yangu haikubaki hata moja?" Alitusihi tumuulize mjomba.

Tulikwenda siku ya Ijumaa baada ya sala. Mjomba amezeeka, na macho yake si mazuri. Tulipomweleza, alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba alivichoma vyote siku ile ile, nyuma ya nyumba, wala hakuvitazama, kwa kuwa havikuwa vyake kuvitazama. Baada ya kitambo akauliza:

"Mlikuwa na nini kingine ndani ya mkanda ule?"

"Mandhari tu, mjomba," tukasema. "Bahari, na mashua."

Aliitikia kwa kichwa. Halafu akauliza kama tumekuja na kamera, maana alikuwa akijiandikisha kwenda kuhiji na alihitaji picha 4. Tulitundika shuka nyeupe ukutani, tukamkalisha penye mwanga wa dirisha, bila kofia. Hatujapata kumwona bila kofia tangu utotoni. Paji lile la uso lilikuwa la koko, na jinsi alivyokaza midomo akingoja.

Tulipompelekea zile 4, tulimwomba idhini ya kubaki na ya tano. Alifikiri sana kuliko tulivyotarajia.

"Mpe mama yako," akasema mwishoni. "Yeye ndiye mwenye nyumba."

Imo kabatini mwa mama, chini ya leso zake.