Mazoezi ya baba yalipohamia kwenye TV

“Mwanangu, hii simu inakataa kushika kwenye TV. Ni bando?”

Nikienda nyumbani Chanika, Handeni, hilo ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote. Majirani wanajua naandika habari za afya, lakini kwao msomi ni msomi, na anayejua presha lazima ajue na rimoti. Zamani nilikuwa nacheka. Tangu baba apate kiharusi, nalijibu kwa makini, maana kwetu limekuwa swali la afya.

Baba alipooza upande wa kushoto. Aliporuhusiwa kutoka hospitali, mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimtumia mama video fupi fupi kwa WhatsApp: kuinuka kitini, kunyanyua mkono uliolegea kwa kutumia ule mzima, kukunja na kukunjua vidole. Alijua kutoka Chanika hadi Tanga mjini ni safari, unapita Segera, unapita Muheza, na mgonjwa wa namna hiyo humpandishi basi kila wiki. Kiharusi huua sehemu ya ubongo. Sehemu zilizobaki zinaweza kujifunza baadhi ya kazi za zile zilizokufa, ila zinajifunza kwa kurudia. Leo, kesho, mara nyingi, hata siku ambayo mgonjwa amenuna.

Tatizo likawa kioo cha simu. Mama anashika simu mkono mmoja, mkono wa pili anamshikilia baba asianguke. Baba ana miaka zaidi ya 60, na kuanzia miaka 40 hivi lenzi ya jicho huanza kukakamaa, vitu vya karibu vikawa ukungu. Kwa hiyo anainama kutafuta picha, na akishainama zoezi limeharibika. Baada ya wiki mbili akaanza kusema amechoka, kumbe anaona aibu. Mtu aliyekuwa akijilimia mahindi yake leo anashikiwa simu kama mtoto anayelishwa uji.

Na ukutani ipo TV ya inchi 32, kazi yake taarifa ya habari.

Jioni mdogo wangu, yupo kidato cha nne, akajaribu kurusha picha. TV ikaandika inatafuta, ikatafuta, ikanyamaza. Mama akawa ameshatoa hela ya vocha. Nikamwambia airudishe mkobani.

Hapa ndipo wengi wanapopoteza hela. Simu nyingi za Android na TV nyingi za kisasa zinaweza kuongea zenyewe kwa zenyewe kwa njia inayoitwa Miracast, iliyotangazwa mwaka 2012. Picha inatoka kwenye simu inaingia kwenye TV moja kwa moja, haipiti kwenye mnara wa mtandao wowote. Video ikiwa tayari imehifadhiwa kwenye simu, huhitaji hata megabaiti moja. Kinachotakiwa ni Wi-Fi ya simu iwe imewashwa, hata kama nyumba haina intaneti. Bando linahusika pale tu unapotazama kitu kinachotoka mtandaoni muda huo. Wenye iPhone njia yao ni nyingine, inaitwa AirPlay, na TV lazima iwe inaikubali. Usigombane na rimoti kabla hujajua hilo.

Kwetu ilikuwaje? Kwanza, TV yenyewe ilikuwa haijaambiwa ipokee. TV nyingi za bei ya kawaida zinataka ubonyeze kitufe cha kuchagua chanzo cha picha, palepale unapochagulia king'amuzi, ushuke hadi kwenye maandishi ya “Screen Mirroring” au “Miracast”, uiache hapo ikisubiri. Ndipo unaenda kwenye simu. Samsung wameandika “Smart View”, wengine “Cast”. Pili, kijana wetu alikuwa ameunganisha simu yake ya pili kwenye simu hiyohiyo ya mama, anachota bando kimyakimya. Simu nyingi haziwezi kugawa intaneti na kurusha picha kwa wakati mmoja. Alivyoulizwa alitazama dari.

Tukazima hiyo. Tukaondoa na hali ya kubana chaji, maana nayo huibana Wi-Fi. Kisha nikachomoa TV kwenye umeme kama dakika moja, kwa sababu ukizima kwa rimoti inakuwa imesinzia tu, haijazimika. Ilipowaka, jina lake likatokea kwenye simu.

Picha ikaja, sauti hakuna. Sauti ilikuwa chumbani, kwenye sabufa iliyokuwa bado imeungwa na simu kwa Bluetooth, daktari wa mazoezi anahesabu moja, mbili, tatu chumba ambacho hakina mtu. Ukiikata Bluetooth unapata faida mbili, kwa kuwa mara nyingi inagombania masafa yaleyale na Wi-Fi, gigahezi 2.4, na picha huanza kukwamakwama. Simu pia iwe chumba kimoja na TV. Ukuta wa tofali unapunguza nguvu.

Jambo moja wazazi mlishike. Simu ikiwa kwenye TV, kila kinachoingia kwenye simu kinaingia sebuleni. Wageni wamekuja kumjulia hali baba, juu ya kioo ukashuka ujumbe wa kikundi cha mama kuhusu marejesho ya mkopo. Wageni ni watu wazima, wakajifanya wanaangalia mazoezi. Siku hizi kabla hatujarusha tunawasha hali ya kutosumbuliwa.

Kuna na mtoto wa dada yangu, miaka mitatu, ambaye alipoona hivyo akadhani katuni zimefunguliwa mlango. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku mbele ya kioo, na aliye chini ya miaka miwili asiwekwe kabisa. Kuhamishia kwenye TV hakuongezi hiyo saa. Mimi bado naona afadhali TV, angalau kila mtu anaona mtoto anaangalia nini.

Kilichonifurahisha zaidi sikukipanga. Baba alikuwa anaegemea upande mmoja akisimama, na ukimwambia hakubali. Nikafungua kamera ya mbele, nikaiegesha simu mezani chini ya TV, akajiona mzima ukutani. Picha inachelewa kidogo, lakini bega lililoshuka aliliona mwenyewe. Akalinyanyua bila kuambiwa na mtu. Tulimpigia mtaalamu tukamweleza, akasema tuendelee, ila mazoezi yabaki yaleyale aliyompa, tusimwongezee ya kuokota mtandaoni, kwa kuwa kiharusi cha huyu si cha yule.

Kama TV yako haina uwezo huu, weka video kwenye fleshi na uichomeke nyuma ya TV. Waya wa HDMI kutoka kwenye simu usinunue kabla ya kuuliza, kwa simu nyingi za bei ya chini hautoi picha.

Baba sasa anahesabu mwenyewe kwa sauti, na ameanza madai. Wiki iliyopita alitaka turushe mechi ya Simba na Yanga. Tukarusha, TV ikawa nyeusi, sauti ya mtangazaji tu. Hiyo si hitilafu. Programu za kulipia huziba picha kulinda haki zao. Akasema basi atakwenda kibanda umiza cha ng'ambo ya barabara. Mama akakataa, baba akapiga simu kwa mtaalamu wake, akajibiwa aende na mkongojo na mtu wa kumsindikiza. Akaenda, mdogo wangu nyuma yake amebeba kiti cha plastiki.