Wavulana Niliowafukuza

Zamani nalipewa darasa la Jumapili la wavulana wa miaka kumi na miwili na zaidi. Walichekana na kutupiana vijiwe hata wakati wa sala, nami nikachagua njia fupi: kila mkorofi nikamfukuza. Baada ya miezi michache nalikuwa na darasa tulivu sana, lenye watoto wanne.

Ndipo nikasoma habari za William Alexander Smith wa Glasgow, katika nchi ya Scotland. Alikuwa mfanyabiashara, tena askari wa kujitolea, na Jumapili alifundisha katika jumba la misheni la njia ya North Woodside. Naye aliona taabu ile ile. Mvulana akiisha kuona ya kuwa Shule ya Jumapili ni ya watoto wadogo, huondoka, wala kanisani haonekani tena. Smith akajiuliza kwa nini vijana hutii katika kwata, na darasani hawatii.

Basi, tarehe 4 Oktoba 1883, akaanzisha Boys' Brigade, yaani Kikosi cha Wavulana. Palikuwa na kwata na mazoezi ya viungo, pamoja na kusoma Biblia. Sare yao ilikuwa kofia ndogo, mshipi na mfuko wa begani, vikavaliwa juu ya nguo za kila siku, hata mwana wa maskini asione haya. Alama yao ni nanga, kwa ajili ya Waebrania 6:19. Mwaka 1886 aliwapeleka kambini Tighnabruaich, kando ya maji. Wakristo wengine walinung'unika kwa kuwa wavulana walishika bunduki za mfano, nami sidhani kwamba walikosea.

Lakini lililonichoma ni hesabu hii: mwanzoni waliandikishwa 59, na kwa ukali wa amri wakabaki 35. Kumbe hata Smith alipoteza wavulana! Ila wale waliondoka wakijua waliloitiwa. Wangu sikuwaitia neno lo lote.

Nikaenda kuwatafuta. Wa kwanza nalimkuta pwani akisugua mtumbwi wa mjomba wake. Nikamwomba radhi. Akaniamkia, "Shikamoo, mwalimu," akaendelea kusugua. Kisha akauliza kama siku hizi tuna mpira.