Bango la mama lililojaa vimraba

Wadau, leo naungama.

Jumamosi kikundi cha mama cha kuweka na kukopa kilitimiza miaka 10. Mimi, mwandishi wa familia "anayejua kompyuta", nikapewa kazi ya bango. Nembo nilikuwa nayo kwenye barua pepe: jembe na kibubu, upana pikseli 200. Kwenye skrini ilipendeza kweli. Nikaipeleka Kariakoo ichapwe upana wa mita moja.

Bango lilipofunguliwa ukumbini, mpini wa jembe ulikuwa ngazi. Mama mmoja akauliza, "Hii nembo au mkeka?" Wakacheka wote. Mama naye alicheka, ila nilimwona akiinamisha macho. Jamani, ile ilikuwa fedha ya michango yao!

Jumatatu nikarudi kwa fundi. "Mwandishi, piga hesabu," akaniambia. "Vidoti 200 kwenye mita moja, kila kidoti nusu sentimita. Ulitegemea nini?"

Kumbe yule mama alisema kweli. Picha ya bitimapu ni vipande vilivyohesabiwa, kama mkeka. Ukiivuta, vipande haviongezeki, vinanenepa tu. Kwa karatasi nzuri wachapaji hutaka vidoti 300 kwa inchi, hivyo nembo yangu ilitosha upana usiofika hata sentimita 2!

Vekta ni kitu kingine. Hiyo ni maelekezo: anzia hapa, pinda hivi, ishia pale, jaza kijani. Ukikuza, kompyuta inapiga hesabu upya na kingo zinabaki safi. Hesabu za mikunjo hiyo zilienezwa miaka ya 1960 na Pierre Bézier, mhandisi wa Renault, akisanifu mabodi ya magari.

Kinachoniuma ni hiki: kijana aliyechora nembo alitumia CorelDRAW, na faili la mwanzo alikuwa nalo muda wote. Mimi ndiye niliyemwambia, "Nitumie picha tu." Akanitumia picha.

Basi wadau, nembo ombeni faili la vekta. Kuiingiza JPEG ndani ya CorelDRAW hakuigeuzi kuwa vekta. Picha za sura za watu ni bitimapu, hakuna ujanja. Ombeni ile kubwa iliyotoka kwenye kamera.

Bango jipya nimelipia mwenyewe. Jana mama kalipitisha kidole kwenye mpini wa jembe, akasema, "Sasa hili linalimia."

Tuonane wiki ijayo.